Nilisema Mlima Mzima Mwekundu

Nyumba yangu ya Runzewe nimeiezeka bati za msauzi, na juu ya bati hizo umeinama mti mkubwa wa mtundu. Fundi alitaka tuukate. Nikamwambia nyumba nimejenga mimi kwa jasho langu, na mti utabaki. Basi kila kiangazi kikielekea mwisho, maganda yake yakishakauka sawasawa, yanapasuka yenyewe, paa, kama mtu kavunja kijiti gotini, halafu mbegu zinateremka batini zikikwaruza. Wageni hushtuka. Mimi nikisikia mlio ule huwa nipo kwa mama yangu, nina miaka tisa, na uongo umeshanitoka.

Niwaambie kwanza mimi ni nani, maana wapo wanaoniona mjini na malori yangu wakadhani nilirithi. Sikurithi hata jembe. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma mara mbili. Leo mashimo mengi ya dhahabu kuanzia huku hadi njia ya Geita yameshikiliwa na matimba yangu, zile nguzo ambazo wachimbaji hupanga ukutani ili udongo usiwafukie. Barua zangu naandikiwa na wenye digrii. Lakini kuhusu miti, hakuna anayenifundisha.

Kwetu kulikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini, chini ya mlima mdogo uliojaa mitundu. Baba alikuwa machimboni na habari zake zilikuja kwa nadra. Dada zangu mapacha, Kulwa na Dotto, walikuwa wameshaolewa, na mimi niliyefuata baada yao nikaitwa Shija, kama ilivyo desturi yetu Wasukuma. Kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama, ambaye watu wote walimwita Mama Kulwa.

Jikoni, juu ya moto, ilining'inia mbegu yetu yote ya mwaka: mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, mafungu mafungu, meusi kwa moshi. Moshi ulifukuza wadudu. Sisi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, asubuhi na ugali wa mtama jioni, na hata njaa ilipouma, mahindi yale hatukuyatazama sana.

Sasa, mtundu una tabia yake. Hausubiri mvua. Mwezi wa tisa au wa kumi, ardhi bado majivu matupu, unatoa majani mapya mekundu kama shaba, na ukiwa mbali utadhani mlima unaungua. Watu wetu walilima kwa kutazama majani hayo. Mti mmoja haukuhesabiwa. Mlima ukishakuwa mwekundu wote, mbegu zinashushwa kutoka jikoni, na mvua ya kwanza ikinyesha zinaingia ardhini. Mtoto aliyetangulia kuleta habari hiyo nyumbani alipikiwa michembe kwa karanga, na kwa siku kadhaa mama yake alimwita mzee. Mimi nilitaka sana kuitwa mzee.

Mwaka huo nilitumwa kuni nikaona mtundu mmoja kando ya kichuguu, mwekundu peke yake, mingine yote ikiwa bado vijiti. Nilirudi mbio.

"Mama, mlima mzima umekuwa mwekundu."

Alikuwa anapepeta mtama. "Mzima?"

"Mzima. Mpaka upande wa pili."

"Upande wa pili umefika saa ngapi, na kuni hujaleta?"

"Nimeuona nikiwa juu ya kichuguu."

Akanitazama, akacheka. "Haya, karibu ndani, mzee Shija."

Michembe ile ilikuwa na karanga nyingi, imekolea utamu, inanata kwenye meno. Siwezi kuwadanganya kwamba ilinishinda kumeza. Nilikula nikaramba na sahani.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua kweli, ya kuloweka, na vumbi likatoa ile harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji. Mama akashusha mafungu yote, hakubakiza hata hindi moja, tukaenda shambani yeye akichimba na mimi nikidondosha punje. Akapita jirani yetu, Mama Sayi, mwanamke aliyejulikana kwa vitu viwili: shamba lake lilikuwa la mwisho kulimwa kila mwaka, na ulimi wake haukupumzika.

"Mama Kulwa, mbona mbio hivyo? Mvua imekuandikia barua?"

"Shija ameona mlima."

"Shija huyu? Juzi kaniambia ameua chatu."

"Chatu alikuwepo," nikasema.

"Alikuwepo, ila alikuwa mkanda wa baba yako."

Mama hakuinua uso. "Kapande shamba lako, Mama Sayi."

"Nitapanda nikishapumzika. Uchovu wa masika haujanitoka."

Mvua ilinyesha siku tano. Mahindi yakachipua, na mama akawa anapita katikati ya mistari asubuhi bila kazi yoyote, anatazama tu. Kisha mawingu yakaondoka. Wiki ya kwanza tulisema yatarudi. Wiki ya pili majani yalijikunja kama yamekwenda kulala, na jioni hayakujikunjua. Wiki ya tatu ukiyashika yanakatika mkononi. Na katikati ya jua hilo, pale mahindi yetu yalipokuwa yanakufa, ndipo mlima ukawa mwekundu. Mzima, mpaka upande wa pili.

Mama alisimama mlangoni akautazama mlima. Halafu akanitazama mimi. Nilingoja anipige, ningeona nafuu. Akasema, "Nenda kalete kuni."

Nilikwenda, nikajisemea nitamletea na uyoga, labda atasahau, kwa sababu chini ya mitundu mvua ya kwanza huamsha uyoga mwingi. Uyoga sikuuona. Nilichokuta ni vimche vya mtundu vilivyoota kwa mvua ile ile, vingi ajabu, vina majani mawili matatu, vyote vimekauka. Nilikuwa pekupeku, vikawa vinavunjika chini ya nyayo kama makapi ya karanga. Nilivipita. Shida yangu ilikuwa mahindi, sio miti.

Siku iliyofuata mama alijifunga khanga, akachukua kikapu, akanishika mkono tukaenda kwa Mama Sayi.

"Shikamoo mama," nikaamkia.

"Marahaba, mzee wa mlima mwekundu." Alikuwa ameshajua, na nadhani kijiji kizima kilijua. Mama alieleza shida yake kwa kifupi, macho yameelekea chini. Mama Sayi aliingia jikoni akatoka na mafungu mawili, meusi, hayajaguswa.

"Mungu akubariki," mama akasema.

"Shukuru mgongo wangu, ndio uliokataa kuinama." Kisha akaniinamia mimi. "Ng'wanawane, mwanangu, ukiona kitu, kiseme kwa ukubwa wake ule ule."

Mvua ya kweli ilikuja kwa kuchelewa, tukapanda, tukavuna kidogo. Hatukufa. Mama hakuwahi kulitaja jambo lile, nami nikakua nikidhani limekwisha.

Miaka imepita. Nimenunua kipande cha msitu kwenye mlima ule ule, ekari arobaini, kwa pesa taslimu. Nikaona kasoro. Mitundu mikubwa ipo, na visiki vinachipua, lakini mti mchanga uliotokana na mbegu, wa kimo cha mtoto au cha mtu mzima, hakuna. Nikawalaumu wafugaji. Niligombana nao, nikaweka uzio wa waya kuzunguka ekari zote, uzio ambao hakuna mwingine anao wilaya hii. Ng'ombe hawakuingia tena. Miche haikuonekana.

Mwaka juzi nilikuwa huko ikanyesha mvua ya mapema, siku nne. Vimche vikatokea chini ya miti kama mtu kavimwaga kwa debe. Nikawapigia simu watu kuwaonyesha kazi ya uzio wangu. Halafu jua likawaka wiki tano. Nilipopita tena vilivunjika chini ya viatu, na nikasimama hapo hapo, kwa sababu sauti ile nilikuwa naijua.

Wataalamu walikuja na daftari wakasema ni mabadiliko ya tabianchi, vuli inaanza, inakatika, inaanza tena, na hali hiyo sasa haikosekani kila baada ya msimu mmoja au miwili. Sawa. Mimi nimelielewa kwa njia yangu. Mama alidanganywa na mtoto, mara moja. Mlima unadanganywa na mvua yenyewe, na inarudia. Na mbegu ya mtundu haikubali kukaa moshini ikangoja mwaka mwingine. Mvua ya kwanza inayoigusa, inaota, na ikikosea imekosea.

Wafugaji nimewaomba radhi, jambo ambalo si kawaida yangu. Sisi mwaka ule tulikuwa na jirani mvivu mwenye mafungu mawili jikoni. Mlima hauna.