Soko Limeamua

Kwa miaka miwili nilitafsiri kipindi cha uchumi kwenye radio moja ndogo ya Uvira. Maandishi yalikuja kwa Kifaransa kutoka Bukavu, kwa profesa anayefundisha huko historia ya elimu ya uchumi. Mimi niliyageuza kuwa Kiswahili na kuyasoma hewani kila Jumatano asubuhi. Niliwahi kusoma uchumi nikaacha kabla ya kumaliza, kwa hiyo niliyaogopa kidogo maandishi yale. Sentensi ikinishinda, nilidhani kosa ni langu.

Jumatano moja nilisoma kwamba bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, imeshuka kwa kuwa soko limeamua. Ijumaa yake akaja radioni mama mmoja anayeuza ndagala ufukweni Kalundu. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Nilimpa kiti, akakikataa.

“Weye ndiye unasomaka mambo ya uchumi?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi unionyeshe huyu Soko. Iko nani? Anakaa wapi?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba jana yake wanunuzi wa jumla, wale wenye malori ya Bukavu, walitaja bei ambayo akina mama hawakuwahi kuisikia. Walipolalamika, mmoja wao aliwajibu: “Hamukusikia radio? Soko limeamua.”

“Na sauti ilikuwa yako,” akasema. “Walikupa nini?”

“Hawakunipa kitu, mama. Soko si muntu. Ni watu wote pamoja, wanaouza na wanaonunua.”

“Na minye niko ndani ya hao watu wote?”

“Uko ndani.”

“Basi minye sikuamua.”

Akaondoka bila kuaga. Mwisho huo wa juma nilikuwa na hasira, kwanza kwake, halafu kwangu mwenyewe, maana nilitafuta jibu la kumpelekea nikakosa.

Jumatatu alfajiri nilishuka Kalundu. Mitumbwi ilikuwa bado majini na akina mama walikuwa wanatandaza turubai zao kwenye mchanga. Wanunuzi watatu walikuwa wamekaa kwenye kibanda cha chai. Wa nne akapigiwa simu, akaja. Waliongea kwa sauti ya chini kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja, wakainuka, wakatawanyika, kila mmoja kwenye kundi lake la akina mama. Nilipita kundi baada ya kundi nikisikiliza. Bei ilikuwa moja, hadi faranga ya mwisho.

Mmoja wao alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama mimi ni mtu wa kodi. Nikasema ni mtu wa radio. Uso wake ukafunguka.

“Ah! Kipindi chako ni kizuri sana. Endelea vile vile.”

Sijawahi kusifiwa nikaona baridi namna ile.

Wiki hiyohiyo profesa alishuka Uvira kufundisha siku chache. Nilimkuta kando ya ziwa akila samaki, mukeke wa kuchoma, nikamuuliza ile sentensi aliitoa wapi. Alifuta vidole vyake polepole.

“Ni namna yetu ya kusema.”

“Nani aliianzisha, Profesa?”

Hilo lilimfurahisha, maana ndiyo kazi yake. Alinieleza kwamba watu wa kwanza kuandika juu ya mambo haya walikuwa walimu wa maadili. Katika vitabu vyao mlikuwa na mabwana wa ardhi, wafanyakazi, hata wafanyabiashara wanaokutana kupanga bei. Baadaye wakaja wengine waliowaonea wivu wataalamu wa nyota na mizani. Nao walitaka kanuni safi, zisizo na watu. Somo lao liliitwa “uchumi wa siasa”; wakaliondoa neno “siasa”, na tangu hapo bei hupanda na kushuka zenyewe, kama maji ya ziwa hili.

“Na ninyi mnaamini hivyo?”

“Ninawafundisha wanafunzi kwamba ni mfano tu.”

“Mbona kwenye kipindi hamkuandika kwamba ni mfano?”

Alitazama ziwa. “Dakika kumi ni chache.”

Nilimuuliza nani anagharamia kipindi. Akasema wafadhili. Nilipouliza ni wafadhili gani, alimwita mhudumu amletee ndimu.

Jumatano iliyofuata, kwa mkono wangu, nilibadilisha tafsiri. Nilisoma kwamba bei ya ndagala imeshushwa na wanunuzi wanne, waliokubaliana kabla mitumbwi haijafika. Sikutaja jina la mtu. Hata hivyo kabla ya saa sita mkurugenzi aliniita ofisini. Hakuwa mkali. Alitaka tu kujua nani amenituma.

“Hakuna.”

“Niambie tu. Haitatoka hapa.”

Nilirudia kwamba hakuna. Akaandika kitu kwenye daftari lake na kulifunga. Kipindi kikaishia hapo. Saa ile sasa wanapiga nyimbo za kwaya, nami nimebaki na matangazo ya vifo na ya watoto waliopotea.

Yule mama nilikutana naye tena baadaye, soko la Mulongwe. Yeye na wenzake walikuwa wamechanga nauli, siku nyingine wanaleta ndagala wao wenyewe mjini. Siku nyingine inawashinda, wanawauzia walewale wanne. Alinifungia ndagala kwenye karatasi, kisha akashusha sauti.

“Sasa sema ukweli. Ni nani kati yao ulikosana naye?”

“Sikukosana na mtu, mama.”

“Muntu hasemi mambo ya vile bure.”

Nami nilianza kujichunguza. Wiki ile ndagala walikuwa wengi kweli: turubai zilifunika mchanga hadi karibu na barabara. Huenda bei ingeshuka hata kama watu wale wasingekutana kunywa chai. Huenda isingeshuka kiasi kile. Nilitoa daftari zangu za zamani za somo la uchumi nikazisoma upya. Nilikuta mistari miwili inayokatana, mmoja wa wanaouza na mmoja wa wanaonunua, na mahali inapokatana, nukta: bei. Sikukuta kibanda cha chai.

Mwishowe nilimwandikia profesa. Samaki walikuwa wengi, nikamwambia, na wanunuzi walikubaliana; ni kipi kilichoshusha bei, na kwa kiasi gani? Alijibu siku hiyohiyo, kwa adabu. Elimu yake, alisema, haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili bila takwimu za kila siku, na kwa Kalundu wenye takwimu hizo ni wanunuzi wenyewe.