Ubao Uliokwenda na Kurudi Kingani

Baba yangu hakujua kusoma, na bado sijamwona mtu aliyebeba maandishi kwa miguu yake kama alivyobeba yeye. Nasema hivi kwa sababu siku hizi nawasikia wazazi wakijisifu kwamba wamempeleka mtoto chuoni akasome Kurani, na ukiwauliza mtoto amefikia sura gani, wanatazamana. Wamemvusha kizingiti cha mwalimu wakaona kazi imekwisha. Mimi ni mtu mzima sasa, nina wajukuu, na ulimi wangu hauna mlango, kwa hiyo huwaambia wazi kwamba bado hawajaanza.

Tulikaa pembezoni mwa Bagamoyo, upande wa njia ya kwenda Mbegani, miaka michache kabla Wadachi, hao Wajerumani, hawajaweka askari wao mjini. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na nyuma yake palikuwa na muhogo na minazi isiyozidi kumi. Mpunga wetu ulikuwa mbali, bondeni mwa mto Kingani, mwendo wa saa tatu kwa mtu mwepesi. Chuoni kwetu mwalimu alikuwa mwanamke mjane, mkubwa kuliko baba, mwenye sauti nyembamba na fimbo ndefu iliyoweza kumfikia mtoto yeyote bila yeye kuinuka kwenye mkeka. Alitufundisha wasichana tisa.

Kila mmoja wetu alikuwa na ubao wake. Mwalimu aliuandikia somo kwa kalamu ya tete, ukakaa nalo mpaka likakuingia kichwani, ukamsomea, ndipo ubao ukaoshwa na kuandikwa somo jingine. Wino mama alinitengenezea mwenyewe. Alikwangua masizi chini ya chungu, akayachanganya na utomvu wa mkanju, mti wa korosho, akayaweka katika kifuu kilichosuguliwa, na ole wako ukiugusa. Mama naye hakujua herufi. Lakini kila jioni, akipepeta, alinikalisha mbele ya ungo wake nisome, wala hakuutazama ubao. Alinitazama machoni. Nikibabaika tu, alisema, "Hapo hujapajua, rudia," na sikupata kumdanganya hata siku moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa vuli na kiangazi. Kilichotushinda kilikuwa mpunga. Masika yakielekea kwisha na mashuke yakianza kujaa, familia nzima ilihamia bondeni kwenda kuamia ndege. Kila nyumba ilikuwa na dungu lake, jukwaa la miti lenye kijipaa, na sisi watoto tulikaa juu tangu alfajiri na makombeo yetu, tukipiga kelele na kurusha madongo. Miezi miwili mizima hapakuwa na chuo. Tukirudi mjini tulikuwa hodari wa kulenga shabaha, na vichwani mmebaki mapepe matupu.

Mwalimu hakuwa na huruma katika jambo hilo. Aliyesahau alirudishwa kwenye sura fupi za mwanzo, akaketi na watoto wadogo. Mimi nilikuwa nimerudishwa mara mbili, miaka miwili mfululizo, na mara ya pili nilikuwa mrefu kiasi kwamba magoti yangu yalimzuia mwenzangu wa mbele. Bibi yangu mzaa baba, ambaye neno lake nyumbani lilikuwa la mwisho, akasema basi. Nilikuwa nakaribia umri wa kuwekwa ndani. Akasema nikirudishwa nyuma mara ya tatu, nitatolewa chuoni nikae na mama nijifunze kusuka mikeka, maana msichana hawezi kuzeeka kwenye sura fupi. Mimi nilitaka kuhitimu, niusome msahafu mpaka mwisho, watu waitwe nyumbani walishwe.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na akiwaza jambo aliuma ndani ya shavu. Siku ya kuhamia bondeni ilipofika, nilimwona anachukua jembe, kombeo, kibuyu, na ubao wangu, umeandikwa. Bibi akamuuliza nikishalijua somo lile, nani ataandika jingine kule porini, nguruwe? Baba akasema kila Ijumaa yeye huja mjini kusali. Ubao utakuja naye.

Na kweli ukaja naye. Ijumaa aliondoka dunguni baada ya sala ya alfajiri, ubao umefungwa kwenye kaniki, akiubeba kifuani kwa mikono miwili jinsi wanavyobebwa watoto wachanga. Njiani alikutana na wapagazi wanaoshuka pwani na mizigo yao ya pembe, watu waliotembea kutoka bara miezi mitatu, nao wakamcheka kwamba yeye peke yake kabeba kibao na anatoka jasho kuliko wao. Aliposwali alikwenda kwa mwalimu, ingawa Ijumaa ilikuwa siku ya mwalimu ya kupumzika. Alimpelekea mahindi mabichi au samaki wa mtoni. Mwalimu aliuosha ubao, akaandika somo jipya, na kabla ya alasiri kwisha baba alikuwa amesharudi kwetu.

Majirani wa madungu mengine walimwona mwendawazimu. Mmoja alimwambia kwamba amemgeuza binti kuwa kadhi. Baba aliuma shavu.

Sikujua mpaka baadaye kitu alichokuwa akikifanya pale kwa mwalimu. Kumbe alipokwisha kuandikiwa hakuondoka. Aliketi barazani, na mwalimu akiwa ndani nyuma ya pazia la mlango, alimwomba amsomee somo lote mara tatu, taratibu. Alilishika kwa masikio. Njia nzima alilirudia, saa tatu, kusudi nikisoma mbele yake ajue kama nimesoma sawa. Mzee wa watu aliyelima mchana kutwa siku sita, siku ya saba akajitia uanafunzi asioambiwa na mtu. Nikimkumbuka hapo moyo wangu hujaa, na sioni haya kusema.

Ikawa nasoma juu ya dungu. Aya moja, dongo moja kwa chiriku, aya nyingine. Mama chini anapika na anasikiliza, baba akipita na jembe anasimama kidogo. Tukafika sura moja ndefu kiasi, ile ambayo ndani yake aya moja inarudi na kurudi kama kiitikio. Aliyewahi kuisoma anajua utamu wake, na anajua pia mtego wake, maana kiitikio ni kimoja na ukikifikia unaweza kutokea mlango usiokuwa wako.

Ijumaa hiyo mvua iliyodhaniwa imekwisha ikarudi. Ilimkuta baba katikati ya uwanda, pasipo mti wa kujificha. Alivua shuka lake la merikani akaufunika ubao juu ya kaniki, akainama, akatembea ameinama hivyo mpaka kwetu. Alipofungua, wino ulikuwa umekwisha kushuka. Ubao ulikuwa wa kijivu mtupu, ila kwenye pembe ya chini iliyokuwa imebanwa na kwapa lake pamebaki maneno machache. Shuka jeupe lilikuwa na michirizi myeusi.

Sijawahi kumwona baba amehuzunika vile. Hakujali baridi wala mwendo. Maji ya kuoshea ubao hayamwagwi ovyo. Hunywewa, au humwagwa mahali pasipokanyagwa na mguu. Yeye alihisi ameyamwaga maneno yale njiani, kwenye tope wanalopita punda. Mama akalichukua shuka, akalifua ndani ya bakuli safi, akaenda kuyamwaga yale maji kwenye shina la mti nyuma ya dungu.

Kisha baba akaniita. Akasema somo analo, amelisikia mara tatu, nami nikae nilipokee kinywani mwake. Akalisoma lote, amefumba macho, anatetemeka, maji yanamdondoka ndevuni. Nikalishika siku ileile.

Lakini kuna jambo nililiona. Yale maneno yaliyobaki pembeni mwa ubao nilikuwa na uwezo wa kuyasoma, na katika somo alilonisomea baba hayakuwemo. Yalikuwa aya inayokuja baada ya kiitikio, na baba alipofika pale kiitikio kilimchukua, kikamtoa mbele zaidi. Ameruka. Nilijua ameruka. Nikamtazama jinsi alivyofumba macho, nikanyamaza. Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba umekosea, hata akikosea mbele ya jua; huo ndio utovu wa adabu wenyewe, nimelelewa hivyo tangu kunyonya. Nikajiambia nitasoma kama alivyosoma yeye. Ule ubao nikaupangusa kwa kiganja na maji kidogo, nikayanywa yale maji. Mpaka leo nahisi uchungu wa masizi kooni.

Ijumaa iliyofuata baba alikuwa na mfuko wa ngozi ya mbuzi, mama ameushona, na hakuna mvua iliyouweza. Masomo yakaendelea mpaka tukavuna.

Siku ya kurudi chuoni bibi alifuatana nasi. Alitaka kusikia kwa masikio yake. Aliketi ndani na mwalimu. Baba akabaki barazani, nyuma ya pazia, mahali pake pa kila Ijumaa. Wenzangu wanane wakajaribiwa kwanza na saba wakarudishwa nyuma. Zamu yangu ikafika. Nikasoma sura ya kwanza ya bondeni, ikapita. Ya pili ikapita. Nikaingia ile yenye kiitikio, nikafika pale, nikaruka kama baba.

Mwalimu akasema, "Rudia."

Nikarudia, nikaruka vilevile. Mara ya tatu vilevile. Fimbo haikuinuka, ila alinitazama kwa mshangao, kwa sababu anayesahau hubabaika, nami sikubabaika hata kidogo. Nilikuwa naruka kwa uhakika kabisa. Bibi akaanza kujifunga ushungi wake, kama mtu aliyekwisha kusikia alilolijia. Mwalimu akaniuliza nimefundishwa na nani kusoma hivi. Nikatazama mkeka. Ningetolewa chuoni nikasuke ukili maisha yangu yote, lakini jina la baba nisingelitaja.

Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia. "Mwalimu, kosa ni langu. Ubao ulinyeshewa. Nilimsomesha kwa kinywa, na kinywa changu ndicho kilichoruka. Usimrudishe mtoto. Nirudishe mimi."

Mwalimu akaniuliza mimi, si yeye, "Ubao ulifutika wote?"

Sikuweza kusema uongo mbele ya msahafu. Nikasema ilibaki pembe moja. Nikasema niliyasoma yaliyobaki, nikajua, nikaogopa kumkosoa baba.

Nilidhani bibi atafurahi kwamba nina adabu, na nadhani alitaka kufurahi. Lakini baba alilisogeza pazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingiza kichwa tu, macho yameelekea chini kwa heshima ya nyumba ya watu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, na mimi ndiye niliyemuumiza.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa naubeba ule ubao ili ujue kuliko mimi. Sasa ukijua kuliko mimi kisha ukanyamaza, mimi nilikuwa nabeba nini?"

Akalirudisha pazia. Nikalia, tena kwa sauti, mbele ya wasichana wadogo waliokwisha kufurahi kwamba nitaketi nao tena. Mwalimu akaniacha nimalize. Akaufungua msahafu, akaniwekea kidole mahali pale, akanisomea aya tatu zilizoachwa, mara moja tu. Akanitaka nianze sura tangu juu. Nikaanza. Nilipofika kwenye kiitikio nilisimama, nikavuta pumzi, nikapita mlango wangu. Nikaenda mpaka mwisho bila kuguswa na fimbo.

Mwalimu akamwambia bibi kwamba huyu anasonga mbele, na kwamba yeye amesomesha miaka mingi na hajaona mzazi anayekuja kujisomea mlangoni ili mtoto asipotee. Bibi akaufungua tena ushungi wake. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mwakani ubao ufungwe kwa ngozi mbili.

Nilihitimu baada ya mavuno mengine mawili. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni safari ya kurudi nyumbani siku ile. Bibi alitangulia na fimbo yake. Baba alitembea karibu nami, ubao chini ya kwapa, na tulipopita minazi ya mwisho akaanza kuisoma ile sura kwa sauti ya chini, kama alivyozoea njiani. Nikasikiliza. Akafika kwenye kiitikio, kikamchukua palepale, kikamtoa mbele. Alikuwa amepunguza mwendo, hanitazami, anangoja.

Nikasema, "Umeruka, Baba."

Akasimama, akauhamishia ubao kwapa la pili, akaanza tena tangu mwanzo.