Ile Video ya Jumatano ya Wanawake Niliirekodi Mimi

Nimekosa. Nianze hapo, nisije nikazunguka nikajitafutia sababu. Ile video ya kina mama wakicheza ndani ya sinema, iliyozagaa Malindi nzima hadi Kikambala, mkaitazama na kuwatumia wenzenu, niliirekodi mimi. Si yule mama wa bara aliyefukuzwa kazi. Mimi!

Hebu niwaeleze tangu mwanzo, na mnivumilie, maana jambo hili nimelibeba peke yangu muda mrefu.

Mimi ni mtoto wa Malindi, nimezaliwa Shela. Wa umri wangu mnaikumbuka sinema yetu ya zamani: ukumbi mmoja mkubwa, viti vya mbao vinavyolia ukijigeuza, na jina la ua limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Jumatano alasiri ilikuwa ya wanawake. Mwanamume hakanyagi. Tulikuwa na mlango wetu wa uchochoroni, na marehemu mama alikuwa akinishika mkono tunapita huko. Tukishaingia, mabuibui yanavuliwa, yanatundikwa migongoni mwa viti, na kina mama wanakaa na madira yao na asumini nywelini, wanalia na kucheka na filamu za Kihindi. Wimbo ukianza wanasimama, wanacheza. Hakuna aliyekuwa akiyatoa ya mle ndani kuyapeleka nje.

Kisha sinema ikafa. Ikawa ghala la magodoro, miaka na miaka.

Hatimaye akaja tajiri mmoja, mtu wa hapa hapa pwani, akalinunua jengo akalikarabati. Ukumbi mmoja ukagawanywa ukawa kumbi tatu. Viti vya kuegemea, viyoyozi, zulia jekundu, mashine ya bisi inayonukia hadi barabarani. Jina la ua likafutwa, likapandishwa jina la Kizungu linalowaka taa. Mlango wa wanawake ukazibwa kwa matofali, na mbele yake ikajengwa kaunta ya bisi. Mimi ndiye niliyeajiriwa kuwa meneja. Nilivimba kichwa, siwafichi!

Mwezi wa kwanza watu walimiminika. Wengi walikuja kupiga picha kwenye ngazi na kuondoka. Mwezi wa tatu, ukumbi wa tatu ulikuwa unaonyesha filamu kwa watu wanne. Tajiri akaniita akaniambia atavitoa viti vyote mle, aweke meza za kuchezea pool.

"Nipe Jumatano moja," nikamwambia. "Niirudishe siku ya wanawake. Nitaujaza."

Akacheka. "Ujaze nione."

Nikaenda kwa Bi Zaina. Bi Zaina alikuwa shoga yake mama tangu utotoni. Amesomesha chuo nyumbani kwake miaka yote. Mabinti wa mtaa mzima, na mimi nikiwemo, tumejifunza Kurani kwenye mkeka wake. Yeye akisema kina mama waje, watakuja. Nikampigia shikamoo, nikakaa, nikamweleza.

"Mlango wetu si mmeuziba?" akauliza.

"Upo mlango wa dharura wa nyuma, Bi Zaina. Mtapita huo. Mafundi wa kiume nitawatoa wote. Tutabaki mimi na mama mmoja wa kufagia na kuuza bisi. Wawili tu."

"Na simu?"

"Zitawekwa kikapuni mlangoni, kama kwenye kupamba bibi arusi, wanawake watupu."

"Nielewe, mwanangu," akasema. "Kitambaa changu hakijavuliwa mbele ya mwanamume asiye wangu tangu nivunje ungo. Nikija nitakivua, maana siku ile ndivyo ilivyo. Stara yangu naiweka mkononi mwako."

Nikamwapia. Kwa jina la Mungu nikamwapia!

Jumatano ikafika. Jamani, walikuja! Kina bibi, kina mama wadogo, mabinti, wajawazito, mpaka viti vikaisha wengine wakakaa kwenye zulia. Nilisimama mlangoni na kikapu. Wa kwanza kutia simu, mgeni yeyote hajafika, alikuwa Mama Mwende, yule mfanyakazi wetu wa bisi, mtu wa Ukambani, Mkristo, aliyekuwa na miaka miwili tu huku kwetu. Hakuna aliyemwambia atoe ya kwake. Alinipa mkononi, kioo chake kimepasuka kimebandikwa selotepu, akasema, "Madam, chukua na yangu, wasione sisi wafanyakazi tuko na sheria yetu." Niliipokea kwa mkono wangu huu.

Simu pekee iliyobaki nje ya kikapu ilikuwa yangu.

Filamu ikaanza. Ulipofika wimbo wa arusi, Bi Zaina akapaza sauti kutoka mbele: "Washeni taa! Tucheze!" Nikawasha taa zote. Ukumbi ukawa mabuibui meusi migongoni mwa viti na rangi za kila namna zikisimama. Na katikati, Bi Zaina. Nywele nyeupe zimetiwa hina nchani, amejifunga leso kiunoni, anacheza macho ameyafumba. Nilimwona mama yangu pale. Machozi yalinitoka, na huo ni ukweli.

Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilimwona pia tajiri wangu akicheka, akisema nijaze aone.

Nikatoa simu. Nikarekodi kidogo tu, nikiwa juu ya ngazi za nyuma. Bi Zaina alifumbua macho wakati ule, akaangalia upande wangu akatabasamu. Nadhani mwangaza ulimzuia asione nilichoshika. Nikamtumia tajiri, na maneno haya: "Ukumbi umejaa."

Mimi nilitaka aone watu. Sikufikiria anachokiona ni wanawake! Ama nilifikiria nikajifanya sijafikiria. Sasa siwezi hata kujitofautishia.

Tajiri akawatumia marafiki zake kwa kujisifu. Marafiki wakatuma kwingine. Jioni hiyo hiyo mtu akaiwekea muziki wa kuchekesha, na kesho yake vijana wa barazani walikuwa wanaitazama huku wakijishika mbavu. Bi Zaina, mwalimu wetu! Mwanawe alimpigia kutoka Mombasa akamuuliza kama ana akili timamu. Mwanawe wa kumzaa!

Nilikimbilia ofisini kwa tajiri. Akanisikiliza, akafunga mlango.

"Ukisema ni wewe, umeniunguza na mimi," akasema. "Wewe nyamaza. Watatafuta mtu, watampata, mambo yatapoa."

Nami nikanyamaza.

Siku ya tatu kina mama wakaja. Hawakupita mlango wa nyuma, walipita wa mbele, wakajaa pale kwenye zulia jekundu mpaka kwenye ngazi. Bi Zaina mbele yao, amejifunika uso, yeye ambaye hakuwahi kuvaa ninja maisha yake. Hoja yao ilikuwa wazi. Wageni wote simu zao zilikuwa kikapuni, na video imechukuliwa kutoka ngazi za nyuma, wanaposimama wafanyakazi. Wafanyakazi walikuwa wawili. Mmoja ni mtoto wa Shela, aliyelelewa na kina mama hao hao. Mwingine ni mtu wa bara.

Hawakuhitaji kunitazama mara mbili. Waligeukia kaunta ya bisi.

"Ndio hawa! Hawajui stara ni nini!"

"Umetuvua nguo mbele ya ulimwengu, mama wee! Tumekukosea nini?"

Mama Mwende alitoka nyuma ya kaunta, aproni bado kiunoni. Hakulia. Alininyoshea mkono. "Simu yangu ilikuwa kwa kikapu. Nilimpatia Madam mwenyewe, kwa mkono, ya kwanza kabisa. Muulizeni. Madam, waambie."

Bi Zaina akanigeukia. "Nakuuliza wewe, mwanangu, kwa haki ya mamako aliye kaburini. Simu ya huyu ilikuwamo kikapuni?"

Neno "ndiyo" tu lingetosha. Hata nisingehitaji kujitaja! Lakini nilijua nikisema "ndiyo," macho yote yatanirudia mimi, maana hakuna wa tatu.

"Sikumbuki," nikasema.

Sikumbuki! Ulimi wangu huu ndio uliosema hivyo!

Mama Mwende alinitazama. Sikuona hasira, niliona kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha zogo likaanza, matusi ya kila aina, na mmoja akamvuta kitambaa cha kichwa akakitupa chini, akamwambia naye aonje. Mimi nilisimama pale pale na beji yangu ya umeneja kifuani. Tajiri akatoka, akatangaza kwa sauti ya huzuni kwamba huyu mfanyakazi kazi yake imekwisha leo. Kina mama wakapoa. Bi Zaina alinishika bega akiondoka, akaniambia, "Pole, mwanangu. Nawe umeharibiwa jina."

Aliniambia pole, mimi.

Mnataka kujua ilinigharimu nini? Kazi sikupoteza. Jumatano nyingine hawakuja, hata mmoja, na hata wale waliokuwa wakija na watoto wao Jumamosi wakakatika. Sinema ikafungwa tena, wakaiita ukarabati. Ukumbi wa tatu ukawekwa meza za pool, kama alivyotaka tajiri tangu awali. Likapandishwa jina jingine, kukafanywa ufunguzi mwingine wa mapulizo na keki, na nikaitwa mbele nipigiwe makofi kwa uvumilivu wangu. Niliyapokea yale makofi nikitabasamu.

Bi Zaina hatoki tena. Kununua samaki anatuma mtu. Chuo chake anasomesha bado, lakini ameweka pazia, watoto wanamsikia sauti tu. Na Ramadhani iliyopita, kila magharibi, alimtuma mwanafunzi aniletee futari kwa bakuli lililofunikwa. Kaimati, viazi vya nazi, uji wa pilipili manga. Anasema mtoto wa shoga yake anaishi peke yake, hawezi kumwacha afuturu chai kavu. Kuna siku nilimimina yote nje, kisha nikaliosha bakuli nikalirudisha na asante.

Mwezi uliopita nilialikwa arusi Junju. Baada ya chakula nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa. Kulikuwa na wanawake wa kuajiriwa wanaosugua masufuria ya pilau. Mmoja aliinua kichwa. Mama Mwende! Amekonda, mikono imepauka kwa jivu.

"Madam," akasema. "Unataka maji?"

Nilichuchumaa pale pale na gauni langu la kwendea arusi kwenye matope. Nikamwambia yote kwa mnong'ono: nani alirekodi, nani alitumiwa, kwa nini nilisema vile. Nikalia. Yeye aliendelea kusugua.

"Mimi nilijua ni wewe siku hiyo hiyo," akasema. "Si tulikuwa wawili? Kama si mimi, ni nani?"

"Nisamehe, Mama Mwende. Nakuomba."

Akaacha kusugua. "Mtoto wangu aliulizwa shule kama mama yake ndio yule wa video. Tukahama. Huku tena wakajua, tukahama nyumba." Akapangusa mikono kwa kanga. "Wale walinitusi walikuwa wamejaa hapo mbele mpaka kwa ngazi. Wewe umekuja peke yako, huku nyuma, na unaongea pole pole ndio watu wa arusi wasisikie. Enda uongee pale ulinyamaza. Mimi niache nimalize kazi."

Akanipa maji ya kunawa. Nilinawa, nikarudi ndani kukaa na wageni wengine, na hata keki nililishwa.

Wenzangu, nawasihi. Ukiaminiwa ndani ya faragha ya watu, simu yako iache nje, hata kama ni wewe unayeshika kikapu, wewe hasa! Na kama umeshakosea, sema mapema, ukiwa bado unaogopa hasira za watu. Mimi niliogopa hasira za kina mama wale kwa siku moja, na sasa naogopa kila wanaponichekea. Na yule mliyemkuta ni mgeni katikati yenu, asiye na shangazi wala ndugu wa kumtetea, msimfanye mahali pa kutupia aibu zenu. Mimi nilimfanya hivyo, na mtaa mzima ukaniamini kwa sababu tu wananijua nyumbani kwetu.

Haya niliyoyaandika nimeyaandika mara mbili. Hii mnayoisoma haina jina langu, mmeona wenyewe. Ya pili nimeiandika kwa mkono na jina langu liko chini, na jina la Mama Mwende juu kabisa. Leo ni Jumatano. Nimemwomba Bi Zaina awaite kwake alasiri mama za wanafunzi wake, wote waliokuwepo sinema siku ile, nina neno la kuwaambia. Amefurahi, masikini. Anadhani naolewa.

Buibui nimelivaa tangu saa nane. Sasa saa kumi inagonga, nimewasikia wakipita hapa dirishani wakienda kwake, wanacheka. Bado nimekaa kitandani, karatasi mkononi.