Mama Alipokonda

Siku hizi mama yangu amekonda, na kila nikimtazama moyo wangu unafurahi. Watu wa kanisani kwetu, hapa juu karibu na Mlalo, wananipa pole, na wengine wananong'ona kwamba simlishi. Nawashukuru na kupita zangu, maana nikianza kueleza, kabeji zangu zitachelewa gulioni.

Mwaka jana watu hao hao walikuwa wananimwagia sifa. Mama alijaa mashavu, miguu ikawa minene. "Umenawiri mama! Watoto wanakutunza," walimwambia kila baada ya ibada, naye akachanua hasa. Huku kwetu, mjane aliyepanda na kushuka mashamba ya mteremko maisha yake yote akinenepa uzeeni, ni heshima ya ukoo mzima. Nani angeipeleka heshima hospitali?

Mimi nilishtushwa na mabuti. Mama haendi shamba bila mabuti yake ya mpira, na sasa yalikuwa hayaingii. Akasema yamesinyaa kwa baridi. Mpira usinyae! Akavaa ya marehemu baba, akaenda zake kupalilia viazi. Ndipo nilipoanza kumchunguza. Asubuhi aliamka macho yamevimba, na usiku hakuacha kwenda chooni. Kama mkojo ulikuwa na povu hatukujua, kwani choo cha shimo hakikuonyeshi kitu. Juu ya hayo, kila jioni alimeza vidonge vya maumivu vya dukani, vya magoti na mgongo, akivishushia kwa chai. Nusu ya mlima wetu inaishi hivyo.

Nilimfikisha zahanati kwa ugomvi. Tabibu alimwamkia, kisha akambonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu. Alipoondoa kidole, shimo likabaki: yalikuwa maji yaliyojaa mwilini, si unono. Presha ilikuwa juu ingawa mama alikuwa kwenye dawa. Akapima mkojo, na baada ya siku kadhaa akaurudia: protini, ile inayotia mkojo povu, ilikuwa inapita bado.

"Mama, mimi hapa nimefika mwisho," alisema. "Sasa umwone daktari bingwa wa figo."

Tulipofika njiani mama akasimama.

"Siendi!"

Nilijua kilichomtisha. Jirani yetu alikwenda kwa daktari wa figo, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akahamia mjini moja kwa moja ili awe karibu nayo. Shamba lake sasa ni magugu matupu. Kwa mama, daktari huyo na mashine ni kitu kimoja.

"Yule alipelekwa akiwa hoi, mama! Alikaa nyumbani mpaka akashindwa kuinuka!"

"Usinipigie kelele. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Nilikasirika, nikaogopa pia, nikalala bila kumuaga. Asubuhi nilimkuta ameshavaa kitenge chake cha kanisani, amekaa mlangoni, ananilaumu kwa kuchelewa.

Huko chini tambarare, daktari bingwa alikuwa mwanamama asiye na haraka. Alipima damu, akaziangalia figo kwa picha, akauliza habari za vile vidonge mpaka mama akaona haya. Mwishoni mama akamkatiza.

"Mwanangu, niambie tu. Utaniweka kwenye mashine?"

"Hapana, mama. Figo zimeumia, ila bado zinafanya kazi. Vidonge vya maumivu acha kabisa, chumvi punguza, presha tutaishusha, na uwe unakuja nikuone. Umewahi, ndiyo maana tunaongea habari za chumvi."

"Na shamba langu?"

"Kalime, mama."

Mama yangu hakulia mbele za watu hata siku tuliyomzika baba. Pale alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, na mimi nikamfuata. Daktari akatungoja. Mama alipomaliza alijifuta, akaniuliza kama basi la mwisho la kupanda mlimani limeshaondoka, kwa sababu kesho yake alikuwa na karoti za kung'oa.