Siku Niliyomficha Atieno Ghalani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa uzee umeninyang'anya mengine mengi. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Januari, miaka michache baada ya uhuru, na jua la huku kwetu Homa Bay lilianza kuchoma mapema. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na kiburi kilichonifika hapa kooni. Nakusimulia kwa sababu nimesikia Jumapili tatu sasa hukanyagi kanisani, na wageni wakija kwako unamfungia mwanao chumba cha nyuma. Usininunie. Keti kwanza.

Hospitalini wamekupa jina la hali yake, usonji. Sisi wakati ule hatukuwa na jina lolote. Atieno wangu alikuwa na miaka mitano na hajawahi kuniita mama. Alishinda akivumisha sauti, mmm, mmm, huku akipanga kokoto mstari mmoja mrefu mlangoni. Ukiondoa kokoto moja tu, wee! Utajuta. Na ngoma ilimtesa masikio, akiisikia alijigonga kichwa chini mpaka damu. Majirani walisema ni chira, ile laana ambayo wazee wetu wa Kijaluo waliamini inaingia nyumba iliyovunja mwiko. Mimi Mkristo niliwacheka hadharani, halafu nikalia jikoni peke yangu.

Basi, akina mama wa kanisa letu walikuwa na desturi ya kufanya maombi nyumba kwa nyumba kwa zamu. Zamu yangu ikafika, na kila mtu alijua kwamba siku hiyo baada ya maombi watachagua mwenyekiti mpya. Nilikitaka kile cheo, mwanangu, sikufichi. Nilikitaka vibaya sana. Nikawaza, wakimwona huyu mtoto akijigonga chini, nani atanichagua?

Mume wangu alikuwa kazini Kisumu. Mama mkwe wangu, ambaye watoto walimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, alikuwa ameenda ziwani kuchota maji. Niliposikia wimbo unakuja njiani na ngoma mbele, nilimbeba Atieno nikamwingiza kwenye ghala la mtama. Unayajua yale maghala ya zamani, ya fito, yamekandikwa samadi, na paa la nyasi unaloliinua na kuliegemezea mti. Ghala lilikuwa karibu tupu. Atieno alipenda kuingia humo acheze, lakini siku zote paa likiwa wazi. Siku hiyo niliuondoa ule mti nikalifunika kabisa. Nikajiambia ni kwa muda mfupi tu.

Muda mfupi! Mwinjilisti aliyekuja nao alikuwa mtu wa maneno mengi. Tulikaa kivulini kando ya nyumba, hatua chache tu kutoka ghalani. Waliimba, akasoma, wakaimba tena. Ngoma ikilia nilimsikia mwanangu akigonga humo ndani, nami nikapaza sauti ya wimbo ili wengine wasimsikie. Naam, nilifanya hivyo. Baadaye ngoma ikanyamaza, mwinjilisti akaanza maombi, nikasikia ile sauti ya Atieno, mmm, mmm. Moyo ukatulia kidogo.

Halafu ikakoma.

Nilitega sikio. Hakuna kitu. Mwinjilisti alikuwa anaombea wagonjwa, bado hajafika kwa wajane, na wajane walikuwa wengi. Ningeweza kusimama. Miguu ilikuwa yangu, ghala lilikuwa langu, na mtoto alikuwa wangu. Lakini nilifumba macho nikasema moyoni, acha aseme Amina kwanza.

Dani akarudi na mtungi kichwani. Yeye hakuwa amebatizwa, alivuta kiko chake na kanisa letu alilitazama kwa mbali. Aliona kokoto mlangoni na mtoto hayupo. Akauliza kwa sauti, katikati ya maombi, "Atieno yuko wapi?"

"Amelala ndani, mama," nikasema, macho nimefumba.

Akaingia nyumbani. Akatoka. "Kitanda ni kitupu. Nimekuuliza, mtoto yuko wapi?"

Mwinjilisti akaongeza sauti ili ayafunike maneno ya Dani. Hapo ndipo kitu kilipopasuka ndani yangu, nikapiga kelele: "Ghalani! Yuko ghalani, mama, nimemfungia!"

Tulikimbia wote. Wanawake wanne waliinua paa, na joto lililotoka humo lilitupiga usoni. Dani aliinama akamtoa. Shingo ililegea, midomo imekauka, vidole vinatoka damu kwa kuparua fito. Mwinjilisti akanyoosha mkono na kuanza kukemea mapepo.

"Acha kwanza!" Dani akamfokea. "Njoo umshike miguu."

Akamshika miguu, maskini. Dani alimmwagia maji kichwani na kifuani, akamlowesha midomo kwa kidole, tone baada ya tone. Nilitaka kumgusa mwanangu, Dani akaupiga mkono wangu. Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Mwishowe kifua kikapanda, Atieno akakohoa, akafungua macho. Hakunitazama.

Dani akageuka kwetu sote. "Mimi sijui kusoma kitabu chenu," akasema. "Lakini huyo Yesu wenu, mnasema aliwaita watoto waje. Huyu alikuwa anakufa humu ghalani. Ninyi pale kivulini mlikuwa mnamwimbia nani?"

Nilingoja wanitukane. Badala yake mama mkubwa kuliko wote, yule aliyekuwa mwenyekiti wetu miaka yote, aliketi chini kwenye vumbi na gauni lake jeupe. "Wangu nimemfunga kamba," akasema. "Binti yangu. Kila nikija maombini namfunga kamba kwenye nguzo. Hata sasa hivi amefungwa."

Chai iliachwa mekoni. Tulitoka sote kwenda kwake, ngoma tuliiacha kwangu, na mwinjilisti ndiye aliyeikata ile kamba kwa kisu chake. Uchaguzi haukufanyika siku hiyo, na tangu hapo sikukitaka tena kile cheo. Lakini Atieno alinikataa mwaka mzima. Nikimkaribia alikimbilia kwa Dani, na nilistahili.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kumwamini Mungu si kungoja Amina mtoto anapokuhitaji. Mtoto wako si aibu ya nyumba wala si adhabu, na anayekuambia hivyo mwonyeshe mlango, hata akiwa na Biblia kwapani. Usimfiche ili watu wakuone msafi. Mpeleke kanisani. Akilia, toka naye nje, akitulia rudi naye. Ukichoka, na utachoka, sema umechoka, kwa maana katika safu ile ile unayoketi kuna mama mwingine aliyemfungia wake nyumbani, anangoja mtu mmoja tu aanze kusema.

Mungu akupe nguvu za mikono na subira ya kila asubuhi. Wakigeuka kukutazama pale mlangoni, akuinue kichwa. Akubariki, mwanangu, lakini ambariki mwanao kwanza.