Gundi ya Unga na Homa ya Masudi

Nikinusa unga wa ngano unaochemka na maji, hata kama ni jikoni kwa mtu mwingine, pua yangu huanza kutafuta karafuu. Kwa wengine hiyo ni harufu ya uji. Kwangu mimi ni harufu ya gundi, tena gundi ya Bibi Zuwena, mama yake baba, aliyeipika katika kisufuria kilichovunjika mkono na kuitilia karafuu tatu zilizotwangwa ili wadudu wasile karatasi. Ujuzi huo aliutoa kwao Unguja, akaja nao Maskati baba yangu akiwa bado mtoto wa kubebwa. Tulikaa Mawaleh, upande ambao upepo ukigeuka tu, soko la matunda na mboga lilituletea habari zake zote: vitunguu, matikiti yaliyopasuka, maembe yaliyoiva kupita kiasi. Lakini chumbani kwa Bibi gundi ndiyo iliyoshinda, na kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa niliishi ndani ya harufu ile kwa wiki kadhaa bila ya kutoka.

Sababu ilikuwa tetekuwanga. Ilinishika wiki ile ile shule zilipofungwa, jambo ambalo hadi leo naliona ni uonevu mtupu. Kaka na dada zangu walipelekwa kuogelea pwani ya Bustan, wakirudi na mchanga masikioni na hadithi za kuniumiza roho, na mimi nikafungiwa na Bibi kwa kuwa yeye maradhi hayo alikwisha kuyaugua utotoni. Nilikuwa na vipele hadi ndani ya masikio. Asubuhi na jioni alinikosha kwa maji ya majani ya mwarubaini, akanipaka dawa ya hospitali ya rangi ya waridi, akanifunga vidole kwa vitambaa nisijikune. Mgonjwa mwenyewe nilikuwa kero. Nilisusa chakula, nikalia kwa kupanga, nikauliza kila baada ya dakika kumi kama siku nitakapoolewa nitaingia harusini na mabaka yangu. Nyuma ya kelele hizo zote palikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu: niliamini kwamba nitakufa.

Aliyetuokoa, mimi na Bibi pia, ni Ami Nassor, ndugu yake baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli za gesi zinazokwenda Japani. Alikuja kunitazama akiwa amesimama mlangoni, akanirushia mfuko wenye vitabu sita vya picha. "Vinaitwa manga," akasema. "Manga gani tena?" Bibi akamuuliza. "Manga si ndiyo hapa tulipo?" Kwao Unguja nchi hii ndivyo ilivyoitwa, na Ami alicheka hadi akashika fremu ya mlango. Vitabu vilikuwa vya Kijapani tupu. Hakuna hata mmoja nyumbani aliyejua kusoma herufi moja, na Ami mwenyewe alivinunua bandarini kwa sababu ya jalada: kijana mwembamba mwenye nywele zilizosimama, anaburura upanga uliomzidi urefu, na mgongoni amejifunga sufuria. Bibi akakichukua cha kwanza, akakigeuza, akakuta kinafunguliwa kutoka kulia. Akafurahi sana. "Hawa watu wana adabu," akasema. "Kitabu kinafunguliwa panapofunguliwa." Vitabu vyangu vya Kiingereza vya shule, vinavyoanzia nyuma, hakuwahi kuviamini.

Tulianza kwa kutazama picha tu. Siku ya pili Bibi akachoka. Kila mtu mle kitabuni alikuwa amefungua mdomo, na kila mdomo ulitoa kipovu cheupe chenye maandishi. "Watu wasema muda wote na sie hatuwasikii," akanung'unika. "Hebu nletee mkasi." Basi akakata vipande vya karatasi kwa kipimo cha kila kipovu, akachonga penseli kwa kisu, akaanza kuandika wanayosema. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na wazee wake na kama alivyomwandikia dada yake barua za Unguja, na kila herufi aliitilia irabu yake juu au chini ili mimi niweze kusoma. Akimaliza ukurasa, mimi nilipaka gundi kwa kidole kilichofunguliwa kitambaa kwa ruhusa maalumu, kisha tukabandika. Kijana wa upanga akapewa jina la Masudi.

Masudi alikuwa mgonjwa. Hilo Bibi aliligundua ukurasa wa tatu, na hakuwa na shaka nalo, kwa sababu karibu katika kila picha kijana yule alikuwa na tone kubwa la jasho kwenye paji la uso. "Homa hiyo," akasema. Palipokuwa na mshipa uliotuna kichwani, hicho ni kipandauso. Macho yakizunguka kama konokono, kizunguzungu. Akianguka kifudifudi miguu juu, na alianguka mara nyingi mno, basi homa imempanda. Binti wa mfalme aliyemfuata kila mahali na kumtwanga nyundo ya kichwa alikuwa anamtibu. Bibi alisema ni aina ya hijama, kuumika damu, ya huko kwao. Na yule mfalme wa majini mwenye pembe na makubazi, aliyekaa mlimani, ndiye aliyekuwa na dawa. Hivyo safari nzima ya Masudi, majangwa na mapango na madaraja yaliyokatika, ikawa safari ya mgonjwa kwenda kutafuta uzima. Alioshwa kwa maji ya mwarubaini katika maporomoko. Alikatazwa kujikuna. Kitabu cha pili, akiwa amelala chini ulimi nje, binti wa mfalme alimwambia kwa mwandiko wa Bibi: "Vumilia mwanangu, homa haikai kwa mtu milele." Nilikisoma kikaratasi kile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kitabu cha tatu kilipokwisha nilikuwa nimesahau kufa.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa mzima, nina mabaka mawili tu, na tumefika mwisho wa kitabu cha tano. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo hata sasa likinijia peke yangu nasema "ah!" kwa sauti. Thuraya, jirani yetu ambaye kwao walisema Kiarabu tu, aliniita mchana mmoja nikaone katuni mpya. Nikamwona Masudi. Ndiye, na upanga wake na sufuria yake, anatembea na kusema kwa Kiarabu fasaha cha televisheni! Nilisimama nikipiga makofi. Kisha nikasikiliza anachosema, na makofi yakaisha. Masudi hakuwa na homa yoyote. Alikuwa mvivu, mwoga na mlafi, ametumwa kumuua mfalme wa majini na kila siku anatafuta kisingizio cha kutofika. Tone la jasho lilikuwa aibu. Nyundo ilikuwa kipigo. Thuraya, aliyekuwa amekwisha kuona katuni zote za mashujaa wa kweli wenye panga, alinieleza kwamba hii imetungwa kuwacheka hao, na alikuwa akigaragara kwenye zulia kwa kicheko.

Ningeweza kukaa kimya. Badala yake, kesho yake nilimleta Thuraya chumbani kwetu, nikafungua vitabu, nikamfasiria kwa Kiarabu kila alichoandika Bibi. Niliiga na sauti yake. Niliiga na ile pumzi anayoivuta kabla ya kusema "homa hiyo". Nilitaka Thuraya ajue kwamba mimi si mjinga, mjinga ni mwingine. Kiarabu cha televisheni Bibi hakukifuata, lakini hiki cha majirani alikijua vizuri kama sisi, na alikuwa mlangoni na sinia ya kaimati alizotukaangia. Sijui alisimama pale muda gani. Aliweka sinia juu ya meza, akasema, "Kuleni zingali moto," akaenda zake. Thuraya alikula. Mimi nilianza kuvifunga vitabu kimoja kimoja.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniadhibu. Nilipomletea kitabu cha sita na mkasi alisema macho yanamuuma. Siku ya pili vile vile. Kisufuria cha gundi kikarudi chini ya kabati. Nilidhani ananisusia, hadi niliposikia baba akimwambia mama kwamba daktari ameona mtoto wa jicho, macho yote mawili, tena wa siku nyingi, na kwamba mwezi ule angefanyiwa operesheni jicho la kulia. Kumbe kiangazi kizima Bibi alikuwa ananiandikia kupitia ukungu. Vipovu vyeupe na tone kubwa la jasho aliviona. Vile vimistari vyembamba vinavyoonyesha kama mdomo unacheka au unalia hakuviona hata kimoja. Nilikuwa nimemchekesha jirani kwa macho ya Bibi yangu. Nililia siku hiyo bila ya kupanga.

Nikaamua kukiandika kitabu cha sita mimi mwenyewe, kiwe tayari atakaporudi hospitali. Nilipika gundi, ikaungua, nikapika tena. Nilichonga penseli mpaka ikawa kama njiti. Nilikwisha kujua kwamba Masudi ni mvivu tu, lakini kila penye jasho niliandika homa, na kila penye nyundo niliandika dawa, na Kiswahili changu kilichotoboka niliziba mashimo yake kwa Kiarabu. Bibi alirudi na bandeji, akakaa kitandani na mikono mapajani. Nikamwambia, "Bibi, nimekuja kukusomea." "Soma," akasema. Nilisoma kurasa zote, naye akinirekebisha: hapa mgonjwa hasemi hivi, hapa mpe maji kwanza maskini. Nilipofika kipovu cha mwisho hapakuwa na kikaratasi, kwa sababu sikujua kama nimponye Masudi au la. "Hicho niwachie," akasema Bibi.

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichoomba baada ya kumaliza kututazama nyuso, na kutuambia nani amekonda, kilikuwa ni vitabu vile. Alikaa nacho cha kwanza dirishani. Ukurasa wa tatu akasimama. "Kumbe huyu anacheka!" Akafungua mwingine. "Na huyu naye! Huyu binti anampiga mtu kipigo hiki, mie nasema anamtibu!" Alicheka mpaka tukaogopa atatia machozi jicho jipya. "Mbona hukunambia?" Nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba nilisema. "Hukunambia mie," akasema Bibi, bila ya ukali. "Ulimwambia Thuraya." Nikamwangukia miguuni nikamwomba radhi, na pua yangu ilivuja kwenye kanga yake. Akanishika kichwa. "Nimekusamehe zamani. Lete kalamu." Akakitazama kwa muda mrefu kipovu cha mwisho cha kitabu cha sita na picha iliyo chini yake, akaandika, nikabandika.

Bibi amefariki siku nyingi sasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi bado niko Mawaleh, lakini soko limehamishwa na upepo wetu siku hizi hauna habari yoyote. Binti yangu Salma ana miaka kumi. Kiswahili anakisikia chote, na kila nikimsemesha hunijibu kwa Kiarabu. Nimejaribu upole, nimejaribu kununa, nimechoka. Juzi nilimkuta kitandani na simu anacheka, nikachungulia, nikamwona Masudi. Siku hizi vipindi vyake vyote vipo, unavitazama kwa mpangilio unaotaka na lugha unayotaka. Nikaenda kabatini nikamletea vitabu sita. Gundi imekauka, vikaratasi vingi vimebanduka na kulala kati ya kurasa. Salma akainua simu, akaielekeza kwenye Kijapani kilichofichuka, na simu ikamfasiria papo hapo. Pale ambapo Bibi aliandika kwamba homa haikai kwa mtu milele, binti wa mfalme anasema, "Umenikanyaga mguu!" Tulicheka sote wawili. Moyoni lakini nilisikia kuumia, kama vile Thuraya amerudi, safari hii yumo ndani ya simu na hakosei.

Tukafika mwisho wa kitabu cha sita. Kikaratasi kilikuwa kimeshika kwa pembe moja tu. Salma akakiinua kwa ukucha, akapiga picha kipovu, na simu ikatoa maneno mawili ya Kiarabu: nina njaa. Pichani Masudi amekaa mbele ya sufuria yake, ameshika tumbo. "Na Bibi yako ameandika nini?" akaniuliza, kwa Kiarabu. Nikamwambia asome mwenyewe, kwani hizo si herufi zake? Akashusha kikaratasi, akaweka kidole chini ya maandishi, akaanza kusoma irabu kwa irabu kama anavyosoma Kurani chuoni kwake, bila ya kujua anakoelekea: "Alhamdulillahi. Ni-me-po-na. N-na nja-a."

Akasoma tena moja kwa moja, akatazama simu, akatazama kikaratasi. "Alipatia!" akasema, bado kwa Kiarabu. Kisha akaniangalia, akashika tumbo lake kama Masudi. "Mama," akasema, "nna njaa."

Nikainuka nisimwonyeshe macho yangu. Nikabandika sufuria mbili, moja ya pilau na moja ya gundi, na karafuu nikatia katika zote mbili.