Alama Katika Sikio la Sungura Mweupe

Saa moja asubuhi, mwanamke ambaye majirani humwita Mama Masikio anakaa kwenye kigoda mbele ya vizimba kumi na viwili, gunia likiwa limetandikwa mapajani. Leo ni siku ya kuchagua. Wana sita wa sungura, weupe pee, wametimiza wiki kumi. Wawili watabakizwa kuwa wazazi. Aliye bora kuliko wote atakwenda kwenye maonyesho ya wafugaji wiki tatu zijazo.

Anamwinua jike wa kwanza. Anapapasa mgongo, anapima nyonga kwa vidole vinne, kisha anapuliza manyoya aone yanavyorudi.

"Huyu hata akikaa tu, ana maringo ya bibi harusi," anasema.

Mama mkwe wake, anayechambua mboga kizingitini, hakawii kujibu. "Mwenzetu hupimi sungura, unaposa. Bado mahari tu."

"Na wewe si ulinichunguza, mama?"

"Nilikuchunguza, lakini sikukupanua mdomo."

Wote wanacheka. Mama Masikio anaupanua mdomo wa sungura, na kicheko kinamkauka.

Meno ya chini yamepita mbele ya yale ya juu.

Anamchukua wa pili. Ni yale yale. Wa tatu yuko salama. Wa nne yamepishana. Anamrudisha kizimbani.

"Meno ya sungura hayaachi kukua," anaeleza kwa sauti ya chini. "Yasipokutana yakasagana, hupinda mpaka mnyama ashindwe kula. Miaka minane sijaona hili bandani mwangu."

Bandani humo mna koo mbili tu, na kwa kuwa wote ni weupe, huzitenganisha kwa nukta ya wino: ukoo wa kwanza sikio la kushoto, wa pili la kulia. Dume huozwa jike wa ukoo mwingine, si wa ukoo wake. Wino hufifia, hivyo huandikwa upya mara kwa mara. Ni mara moja tu kazi hiyo ilipofanywa na mtu mwingine.

"Baba Watoto," anamwita mumewe, fundi cherehani, "mwaka jana nilipokuwa hospitali namuuguza mama yangu, uliwashikaje ulipowaandika?"

Fundi anatoka na tepu ya kupimia shingoni. "Si kama kawaida? Waliokuwa na alama sikuwagusa. Waliofutika nilifuata daftari, kizimba kwa kizimba." Anamtoa mama wa wale sita, anamweka mezani wakitazamana uso kwa uso. "Daftari limesema kushoto, nikaweka hapa."

Kidole chake kinagusa sikio la kulia la sungura.

Kisu cha mama mkwe kinasimama. Mama Masikio huwaandika akiwa amewapakata, mgongo wa sungura ukiwa kwake, kushoto kwa mnyama kukiwa kushoto kwake. Mumewe aliwageuza wamtazame, kushoto kwake kukawa kulia kwao. Kwa mwaka mzima, dada amekuwa akiozwa kaka yake.

"Yaani mimi ndiye nimeharibu?" fundi anauliza, akikaa chini polepole.

Mkewe ameshashika simu. Uzao wa kwanza wa jike huyo aliwauzia wafugaji wawili, wanaotarajia kuwazalisha.

"Si ungengoja maonyesho yapite?" mama mkwe ananong'ona. "Miaka miwili umeisubiri nafasi hiyo. Nani atanunua mbegu kwako akisikia?"

"Nikingoja, watakuwa wamezaa, mama. Nitawafuata wajukuu hadi wapi?"

Anapiga simu zote mbili, akitamka kosa lote bila kulipunguza. Mfugaji wa pili anasema tu, "Nimesikia, dada."

Wale sita, hata wenye meno mazuri, hatabakiza hata mmoja; huenda nao wamebeba kasoro hiyo damuni. Kwenye maonyesho hatapeleka sungura. Anatarajia kuanza tena na jike mkongwe ambaye nukta yake haikuwa imefutika wakati ule, na kutafuta dume wa banda jingine. Anakadiria miaka mitatu.

"Nitarudi pale na mnyama ninayemjua mama yake," anasema.

Nyuma yake, bila kuambiwa, fundi ametandika gunia mapajani. Anampakata yule mkongwe, anamgeuza mgongo umwelekee, kisha anaomba kalamu.